Mjadala: Katuni zina haki ya kukaa kwenye kabati la vitabu shuleni, au hazina?

Bint_Ujiji (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha darasa la tatu hapa Ujiji. Kabati letu la vitabu ni moja na ndani yake kuna vitabu vya kiada tu. Mwezi uliopita nilipeleka majarida niliyoachiwa na marehemu baba: Sani za enzi za Ndumilakuwili na Madenge, na Kingo chache. Kuna mtoto ambaye tangu Januari hajawahi kumaliza aya moja mbele yangu. Siku hiyo alikaa chini ya mwembe akamaliza ukurasa mzima, kisha akanifuata: "Mwalimu, neno hili maana yake nini?" Nilikaribia kulia. Kesho yake mwalimu mkuu akaniambia nitoe "makaratasi ya vichekesho" kabatini. Sasa rafiki yangu wa Dar amekusanya boksi zima la katuni, linakuja kwa treni. Nauliza watu wa Kigoma na majirani zetu wa Tabora: zina haki ya kukaa kabatini au hazina? Na kama zina, nianze na zipi? Nipeni majina.

Dogo_wa_Mwanga
Zina haki, dada, hata usiulize mara mbili. Anza na Naruto, ya Kijapani. Juzuu 72, ilianza 1999 ikaisha 2014, mtoto akiingia hatoki. Dogo yatima, kijiji kizima kinamtenga, anapambana mpaka wanamheshimu. Hiyo ni hadithi ya nusu ya watoto wa mtaa wangu. Akimaliza mpe One Piece, ya mabaharia. Sisi watu wa ziwa tutaielewa kuliko mtu yeyote.

Mzee_wa_Isevya
Nimefundisha Kiswahili miaka 31 hapa Tabora, nimestaafu. Katuni ni kashata. Mtoto akishiba kashata ugali hali. Anasoma "Pwaa!" na "Yalaa!" halafu ukimpa insha anakuletea "Pwaa!" Na hayo majarida ya zamani yalijaa lugha ya vijiweni. Mwalimu mkuu wako yuko sahihi. Na hivyo vya Kijapani anavyosifia huyu kijana vinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mtoto wa darasa la tatu ndiyo kwanza anajifunza kushika mstari, wewe unamgeuzia kitabu?

Bint_Ujiji
Shikamoo mwalimu. Hilo la kulia kwenda kushoto naomba nilijibu, maana limenigusa. Watoto wangu zaidi ya nusu wanatoka shuleni wanapitiliza madrasa. Saa tisa wanasoma Juzuu Amma kutoka kulia kwenda kushoto, asubuhi yake wananisomea Kiswahili kutoka kushoto kwenda kulia. Sijaona hata mmoja aliyechanganyikiwa. Bibi zetu wa Ujiji waliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wakati shule yetu haijajengwa.

Mzee_wa_Isevya
Marahaba. Kur'ani si katuni, mwanangu.

Bint_Ujiji
Sijasema ni katuni, mwalimu. Nimesema macho ya mtoto yanaweza.

Mama_Katubuka
Mimi sijasoma sana lakini nachangia. Mume wangu alikuwa akinunua gazeti la Uhuru anaanza na Chakubanga, siasa baadaye. Wanaume wazima baraza zima wanamsubiri mmoja amalize kucheka ndipo gazeti lizunguke. Walikuwa makuli wa bandarini, hakuna aliyepita darasa la saba, na walisoma gazeti lote kwa sababu ya yule mtu wa kuchorwa. Kwa hiyo mwalimu asituambie ni kashata.

Reli_ya_Kati
Mama umesema. Na Chakubanga si mchezo wa watoto, mchoraji wake Christian Gregory alikuwa anawasema wakubwa na wadogo. Gado naye, ambaye dunia nzima inamjua kwa kazi zake za Nairobi, ni mzaliwa wa Dar. Hii nchi ina wachoraji tangu zamani.

Kanyenye_Boy
Mnazunguka. Dada aliuliza majina, mimi nampa: Tintin. Hakuna katuni iliyochorwa kwa mstari safi kama ile, kila nyumba, kila gari, kila meli imepimwa. Mchoraji Hergé, Mbelgiji, alianza 1929. Kusanya zote, hata ile ya Kongo. Nyie wa Ujiji ndiyo itawafaa zaidi, si nusu yenu mmetokea huko huko ng'ambo ya ziwa.

Mmanyema_Asilia
Rudia hilo neno la mwisho.

Mama_Katubuka
Kijana, wewe wa Kanyenye. Unajua sisi tunaishi vipi na hilo neno? Mwanangu wa kwanza alikwenda ofisi moja kuomba kitambulisho, akaulizwa bibi wa bibi yake amezaliwa wapi. Bibi wa bibi! Mimi nimezaliwa hapa, mama yangu amezaliwa hapa, makaburi yetu yako hapa. Mtoto alirudi mara nne. Akakosa nafasi ya kazi kwa sababu ya karatasi. Wewe unaandika kwa wepisi namna hiyo kama unasifia embe.

Kanyenye_Boy
Mama, nimezungumzia katuni mnanijibu ukoo. Sikusema si raia. Nimesema asili. Hata sisi Wanyamwezi tumesambaa kila mahali kwa upagazi, mbona hatununi?

Mmanyema_Asilia
Hamnuni kwa sababu hakuna anayewasimamisha kwenye basi kuwauliza mmesambaa kutoka wapi. Mimi Mmanyema, ndiyo. Wazee wangu walikuja Ujiji wengine kwa biashara na wengine kwa minyororo shingoni. Halafu unaniambia mwanangu "itamfaa" kitabu ambacho Mwafrika amechorwa mdomo kama sahani, anampigia magoti mtoto wa Kizungu na mbwa wake. Umekisoma lakini, au umekiona mgongo tu dukani?

Kanyenye_Boy
Nimekisoma. Ni cha zamani, watu wa enzi ile walikuwa hivyo.

Reli_ya_Kati
Hebu niweke jambo moja, maana mimi hicho kitabu nimekisoma mara mbili. Kilitoka gazetini Brussels 1930 hadi 1931. Katika toleo la kwanza Tintin anasimama darasani mbele ya watoto wa Kikongo anawafundisha kuhusu "nchi yenu, Ubelgiji". Mwaka 1946 kilipochorwa upya kwa rangi, Hergé alilitoa somo hilo akaweka hisabati. Kwa hiyo mchoraji mwenyewe alijua kuna kitu hakikai sawa. Mwaka 2007 Mkongo mmoja alikwenda mahakamani hukohuko Ubelgiji kukipinga, na 2012 mahakama ikakataa kukizuia. Na sisi Kigoma hatuwezi kusema hayo ni ya Wakongo peke yao. Baada ya mkataba wa 1921 Wabelgiji walipewa sehemu yao ya bandari hapahapa mjini, ndiyo ile Belbase. Mizigo ya Kongo ilishuka pale, ikapanda treni, ikapita Tabora kwako, Kanyenye_Boy, ikafika Belbase ya Dar. Babu yako mpagazi na babu wa Mmanyema huenda walibeba gunia moja.

Mmanyema_Asilia
Babu yangu alifanya kazi Belbase kweli. Alikuwa anahesabu mafungu ya pamba.

Dogo_wa_Mwanga
Mimi nashauri tuachane na Wabelgiji, tuweke Black Panther. Mfalme Mwafrika, nchi haijatawaliwa, teknolojia yao juu kuliko wote. Walilichukua jina kutoka kile chama cha Wamarekani weusi, si ndiyo?

Reli_ya_Kati
Kinyume, dogo. Black Panther wa katuni alitokea Julai 1966, kwenye toleo la 52 la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Chama kilianzishwa Oktoba mwaka huohuo, Oakland. Katuni ilitangulia miezi mitatu.

Dogo_wa_Mwanga
Duh, nimebishana na watu mwaka mzima kwa hilo. Nashukuru kaka.

Mama_Katubuka
Huyo wa Kanyenye bado hajanijibu.

Kanyenye_Boy
Mama, nimekaa nimesoma upya nilichoandika. Niliandika vibaya. Nilikuwa nawaza kitabu, sikuwaza mtu anayekisoma. La kitambulisho cha kaka yangu limeniuma kweli. Samahani mama. Samahani Mmanyema. Lakini kwa Tintin nyingine siondoki, zile za mwezini na za milimani ni kazi ya mtu aliyekaa mezani akatoka jasho. Mimi najifunza kuchora kwa kuiga zile kurasa kwa penseli.

Mama_Katubuka
Haya, mwanangu. Yamekwisha.

Mmanyema_Asilia
Kwangu hayajaisha ila nimekusikia. Kama unajua kuchora, mbona unaiga nyumba za Wabelgiji? Chora bandari. Chora Liemba. Ile meli ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikatolewa majini 1924, imebeba watu wa ziwa hili miaka na miaka. Ingekuwa ya kwao wangeshaichorea juzuu ishirini.

Kanyenye_Boy
Nina michoro ya Mtemi Mirambo. Nilikuwa naogopa kuionyesha. Nimemchora amesimama ngomeni kwake Unyanyembe, askari wake rugaruga wamemzunguka, Wajerumani wanakuja na mizinga.

Mzee_wa_Isevya
Kijana! Futa hiyo. Umechanganya watu wawili. Mirambo hakuwa wa Unyanyembe, alikuwa wa Urambo, na Unyanyembe walikuwa mahasimu wake. Alifariki Desemba 1884, kabla majeshi ya Wajerumani hayajatia mguu Tabora. Mwenye ngome iliyovamiwa na Wajerumani ni Mtemi Isike, Januari 1893. Alipoona wameingia akawasha baruti akajilipua kuliko kukamatwa. Hao ni watemi wawili, ngome mbili, vifo viwili. Ukimchora Mirambo anapigana na Mjerumani umemnyang'anya Isike kifo chake.

Kanyenye_Boy
Mwalimu, hili sikulijua. Kwetu tunamtaja Mirambo kwa kila kitu.

Mzee_wa_Isevya
Ndilo kosa lenyewe. Mirambo ana yake. Mwaka 1871 alifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, akapigana na wafanyabiashara Waarabu waliojifanya wenye nchi. Stanley alikuwa Tabora, alikwenda vitani upande wao, wakashindwa, ikabidi azunguke kusini ndipo afike Ujiji kumwona Livingstone. Baadaye huyohuyo Stanley alimfananisha na Napoleon, na walipokutana 1876 wakachanjiana damu. Hiyo tu inakutosha kurasa mia. Na usimvike ngozi ya chui kama wa sinema. Rugaruga walivaa nguo nyekundu, vilemba vya manyoya, bunduki za baruti begani.

Bint_Ujiji
Mwalimu, ukifika kwenye njia iliyofungwa naomba usiisahau Ujiji. Kwenye njia hiyo hazikupita pembe za ndovu peke yake, walipita watumwa. Na Mirambo alipopata nguvu naye alifanya biashara hiyohiyo. Sitaki mwanafunzi wangu, ambaye wazee wake wa zamani waliletwa hapa na mnyororo, aonyeshwe shujaa asiye na doa. Ataliona doa mwenyewe halafu hatatuamini tena.

Mzee_wa_Isevya
Huwezi kumpima mtu wa 1871 kwa rula ya leo.

Mmanyema_Asilia
Mwalimu, hayo ndiyo aliyosema Kanyenye_Boy kuhusu Tintin, na wote tulimkemea.

Mzee_wa_Isevya
…

Mzee_wa_Isevya
Sawa. Mchoreni pamoja na watumwa. Lakini mchoreni pia siku anayoifunga njia, na nyuso za matajiri wa Tabora siku hiyo. Vyote viwili. Na maneno yaandikwe kwa Kiswahili sanifu. Kanyenye_Boy, unaishi Kanyenye upande gani? Mimi Isevya si mbali, njoo na hiyo michoro Jumamosi kabla ya adhuhuri. Nina ramani za zamani za Unyamwezi nilizokuwa nafundishia.

Kanyenye_Boy
Nitakuja mwalimu. Shikamoo.

Reli_ya_Kati
Mtangulie kuchora kituo cha Tabora na reli yenyewe, ilifika hapo 1912 na Kigoma 1914, mimi nina picha nyingi za…

Mama_Katubuka
Wewe na reli yako. Binti wa watu aliuliza kabati.

Bint_Ujiji
Ahsante mama, nilikuwa nimenyamaza nasoma. Nimeandika: za Kijapani zile zilizotafsiriwa Kiingereza nitawapa wakubwa wa darasa la sita na la saba. Sani na Kingo zibaki kwa wadogo, nitatoa zenye mizaha ya kikubwa. Black Panther nitakisoma mimi kwanza. Tintin wa Kongo, kama yumo kwenye boksi, atakaa mezani kwangu, nitamfungua siku tukifundisha ukoloni. Tatizo bado ni kabati. Mwalimu, wewe umekuwa mwalimu miaka 31. Ukiniandikia mistari miwili, mkuu wangu ataisikiliza kuliko yangu.

Mzee_wa_Isevya
Sijasema ziingie kabatini. Nimesema kama mnachora, chora sahihi.

Bint_Ujiji
Na hicho mtakachochora na Kanyenye_Boy, kikikamilika, nikiweke wapi?

Mzee_wa_Isevya
Hicho ni historia.

Dogo_wa_Mwanga
Mwalimu, kina picha na maputo ya maneno!

Mzee_wa_Isevya
Kwanza nikione.

Mmanyema_Asilia
Dada, boksi linafika siku gani? Nina toroli, nakaa karibu na stesheni. Nitakupelekea mpaka Ujiji, usilipe bajaji.

Bint_Ujiji
Ijumaa alfajiri, treni isipochelewa. Nitakutumia namba ya mzigo pembeni. Na yule mtoto wa chini ya mwembe leo ameniuliza Madenge atarudi lini.