Kikundi cha Familia: Bima ya Mahindi ya Njoro

Mama: Wanangu, wakala wa bima amepita hapa Njoro leo na kuniachia karatasi tatu za bima ya mahindi. Anasema ni lazima tulipe kabla ya kupanda. Bei zinatofautiana mno, nami sitaki kuchagua kwa kukisia.

Kaka Mkubwa: Mama, mimi naona tuchukue hiyo ya bei nafuu inayolipa mvua ikipungua, kwa kuwa hakuna mkaguzi wa kusubiriwa na fidia huingia moja kwa moja kwenye M-Pesa.

Dada Mdogo: Kaka, unafuu wake una sababu. Bima hiyo hupima mvua kwa setilaiti au kwa kituo cha hali ya hewa, haipimi mahindi ya Mama. Mvua ikinyesha ipasavyo kisha viwavijeshi wakaingia, kama walivyowahangaisha wakulima wa Kenya mwaka 2017, hatutalipwa hata shilingi moja.

Mjomba: Na hiyo ya mavuno ya eneo je? Naisikia tangu serikali ilipoianzisha mwaka 2016 kule Bungoma, Embu na hapa kwetu Nakuru, lakini sijawahi kuelewa hesabu yake.

Dada Mdogo: Mjomba, eneo hugawanywa katika vitengo, na wakati wa mavuno huchaguliwa mashamba machache bila upendeleo, sehemu yake ikavunwa na mahindi kupimwa kwa mizani. Tuseme wastani wa miaka iliyopita katika kitengo chetu ni magunia 20 kwa ekari, na bima inatukinga kwa asilimia 70, yaani magunia 14. Kitengo kikishuka hadi magunia 10, pengo ni magunia 4 kati ya 14. Ekari zetu 6 tukiziwekea bima ya shilingi 30,000 kila moja, kufidia mbegu, mbolea na kulima, jumla ni 180,000, na fidia itakuwa sehemu hiyohiyo ya 4 kati ya 14, yaani takriban 51,400, uwe ni ukame, ugonjwa au wadudu walioleta upungufu huo.

Mama: Na mvua ya mawe ya mwaka jana? Ilipita ukanda mwembamba tu. Mahindi yangu ya bondeni yalibaki mabua matupu, ilhali jirani wa ng'ambo ya kijito hakupoteza hata jani.

Dada Mdogo: Hapo, Mama, bima ya eneo isingekulipa, kwa sababu wastani wa kitengo ungebaki mzuri. Ile ya tatu, ya hatari nyingi, ndiyo ingeweza kulipa, maana mkaguzi huja kulitazama shamba lako mwenyewe. Lakini ni ghali kuliko zote, na kuna sehemu ya hasara utakayoibeba kabla ya kulipwa chochote. Bondeni ni ekari moja. Ukame ukija huchukua zote sita, na mkopo wa sacco uko palepale. Mimi ningelipia ya mavuno ya eneo.

Kaka Mkubwa: Haya, ila mkumbuke kwamba fidia hiyo huja baada ya mizani, kwa hiyo karo ya Januari isiitegemee.

Mjomba: Kabla ya kulipa, wakala aulizwe shamba limo katika kitengo kipi. Tukiwa tumeunganishwa na mashamba ya juu karibu na msitu wa Mau, ambako mvua haikosekani sana, mavuno yao yataficha ukame wetu. Pesa nazo ziende kwa nambari ya kampuni yenye leseni, si kwa simu ya wakala.

Mama: Ndugu yangu, basi njoo Alhamisi asubuhi umuulize hilo la kitengo mbele yangu. Asipotuonyesha mipaka kwenye ramani, hatumlipi.