Karata zina medali, sataranji ya wanafunzi "si michezo"?

Wakuu, salaam. Nimekuja na povu, na mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa usajili wa Simba na Yanga. Hili ni jambo lake.

Kuna sekondari moja ya serikali, jina naliweka kapuni, huwa naenda jioni kujitolea kufundisha sataranji (chess). Watoto wamenogewa. Vifaa vyenyewe ni vya kuungaunga: vibao vya plastiki vya kukunja, seti moja imepoteza ngome nafasi yake ikachukuliwa na kizibo cha soda, na maisha yanaendelea. Tukaandika barua kuomba ruhusa na nauli ili watoto wachache na mwalimu wao waende kwenye mashindano Dar. Hela tuliomba itoke kwenye mchango wa michezo, ambao wazazi wa watoto hawa nao wanachangia kama wengine. Barua ikarudi na mwandiko wa kalamu nyekundu pembeni: "Hii si michezo, ni burudani."

Tukapanda ofisi ya juu yake. Bwana mmoja, hata kiti hakutukaribisha, akasema tujaribu upande wa utamaduni. Utamaduni wakaturudisha michezo. Danadana hiyo ikaenda mpaka mashindano yakapita.

Sasa niulize. Kila mwaka watumishi wa wizara na idara za serikali wanakutana kwenye SHIMIWI. Mpira upo, netiboli ipo, kamba zinavutwa. Na karata je? Zipo. Bao na drafti? Vipo. Vishale navyo vipo. Watu wazima wanaaga ofisini, wanavaa trakisuti, wanakaa kwenye kiti kucheza karata, wanarudi na kikombe, wanapigwa picha na bosi. Hapo hakuna anayeuliza kama ni michezo. Mtoto wa kidato cha pili akiomba nauli ya kwenda kucheza sataranji, ghafla kila mtu anakuwa mwanafalsafa.

Siibezi karata, naicheza. Ila karata ukigawiwa vibaya umegawiwa vibaya. Sataranji kila mmoja anaanza na kete 16 zile zile, mezani kila kitu kinaonekana, hakuna dadu wala bahati ya mgao. Zaidi ya mwenye kete nyeupe kuanza, hakuna anayependelewa. Ukifungwa umefungwa na mtu aliyefikiri kukuzidi, basi. Kama kuna kitu kinaitwa kushindana, hicho ndicho.

Najua hoja ya kwanza itakayomwagwa hapa: "Hakuna jasho." Haya. Mmesahau Paris 2024? Yule Mturuki Yusuf Dikeç, mkono mfukoni, miwani yake ya kawaida, kasimama kama anasubiri daladala, na akaondoka na medali ya fedha ya bastola. Dunia nzima ilimshangilia, wengi wenu mlimweka status. Kwenye mashindano ya kupanda farasi nako anayetoka jasho zaidi ni farasi. Kulenga shabaha kumo Olimpiki tangu 1896 na hakuna aliyewahi kupima jasho la mtu.

Na kama mnataka mwili, someni kuhusu Karpov na Kasparov. Walianza pambano la ubingwa wa dunia Moscow Septemba 1984, mechi baada ya mechi, zikafika 48 bila mshindi kupatikana. Februari 1985 rais wa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, akalisimamisha. Karpov alikuwa amekonda, inasemekana kilo kama 10 zilimtoka. Dubai mwaka 2021, Carlsen na Nepomniachtchi wakigombea ubingwa huo huo walicheza mechi moja ya hatua 136, zaidi ya saa saba kwenye kiti, na aliyechoka ndiye aliyepoteza. Ila ninyi wenzangu mnaoitetea sataranji, acheni ile chumvi kwamba mchezaji anachoma kalori 6,000 kwa siku. Mnatuaibisha, na hatuihitaji.

Njooni mwangalie binti mmoja pale shuleni akiwa amebakiza sekunde kwenye saa. Ameshika farasi, na kanuni inasema ukigusa kete yako lazima uichezeshe. Ndipo anaona farasi akiondoka malkia analiwa. Mkono unatetemeka, kijasho kinamtoka juu ya mdomo, na saa inakula. Anatafuta pa kumweka yule farasi hasara ipungue. Mwambie huyo anaburudika.

Kuna mjuaji atakuja na Uingereza, kwamba kule haitambuliki kama michezo. Ni kweli. Ila malizia habari: mwaka 2023 serikali yao hiyo hiyo ilitangaza karibu pauni milioni 1 kwa ajili ya sataranji, pamoja na meza 100 za kuchezea kwenye bustani za umma. Wao wamekataa jina, hela wametoa. Sisi tumekataa vyote viwili.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilishaitambua FIDE tangu 1999. Michezo ya Afrika imeshagawa medali za sataranji, Algiers 2007 na Maputo 2011 zikiwemo. Wachezaji wanapimwa hadi dawa zilizokatazwa: Ivanchuk, mchezaji wa Ukraine, alizua balaa kwenye mashindano ya Dresden mwaka 2008 kwa kuondoka bila kutoa mkojo baada ya kufungwa. Kwenye burudani gani mtu anaombwa mkojo?

Majirani zetu Uganda hawakusubiri ubishi huu uishe. Robert Katende aliwafundisha watoto wa Katwe, mtaa wa mabanda, na Phiona Mutesi akatoka huko mpaka kuiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiadi ya sataranji. Sisi tungemrudishia barua yenye kalamu nyekundu.

Mimi binafsi mkiiita michezo, mkiiita sanaa, mkiiita hata kilimo, sijali. Ninachojali ni kwamba neno "si michezo" linatokea pale tu panapohitajika nauli, ukumbi au ruhusa. Siku mtoto akirudi na kombe, mtaona litakavyopangwa kwenye kabati la ofisi pamoja na ya mpira.

Kwa hiyo naomba wenye taarifa wanisaidie, siyo matusi. Kama kuna waraka wowote unaosema sataranji isilipiwe kutoka mchango wa michezo shuleni, uwekeni hapa niusome. Na wewe uliyeko halmashauri unasoma kimyakimya, niambie barua ya muhula ujao niipeleke kwa nani, maana hao wawili wa mwanzo wananifahamu kwa sura sasa.