Mama anataka kuacha vidonge vya presha, ashike habasoda

Mwana wa Langoni
Asalaam aleikum. Mamangu ana miaka sitini na kitu, tuko hapa Lamu. Humeza amlodipini ya miligramu 5 kila usiku. Ramadhani akaanza habasoda, kijiko kidogo cha unga wake na asali wakati wa daku, na hajaacha hadi leo. Juzi kapimwa, 138 kwa 86, sasa anasema vidonge basi. Nikimpinga hunisomea hadithi: dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Hadithi siipingi, iko kwa Bukhari. Lakini papa wa chumvi haachi, na achari haikosi mezani! Kuna aliyeacha vidonge akakaa salama?

Muuza Viungo, Malindi
Habasoda nauza, na baba aliuza kabla yangu. Wateja wa presha wanarudi, lakini hakuna niliyemwambia aache dawa ya hospitali. Mnunulie mbegu nzima, asage kidogo kidogo. Mafuta ya chupa zisizo na jina mimi siyaamini.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, hiyo 138 kaipata akiwa bado anameza vidonge. Usiipe habasoda sifa yote.

Kushusha inashusha, sikatai. Mwaka 2016 watafiti walijumlisha majaribio 11: namba ya juu ilipungua kama 3, ya chini karibu hivyo hivyo, na unga wa mbegu ulifanya vizuri kuliko mafuta. Tatu tu! Mwenye 160 atafika 157, bado ni mgonjwa.

Halafu amlodipini hutoka mwilini polepole. Mtu akiiacha leo, kesho akipima ataona namba nzuri, atasema kapona. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, maana presha ikipanda haipigi hodi.

Unga wa kijiko aendelee nao, juu ya vidonge, na daktari ajue. Je, ana sukari? Habasoda hushusha sukari pia, ikikutana na dawa zake anaweza kuishiwa nguvu. Anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda aulize kwanza, anaweza kuvuja damu.

Mwana wa Langoni
Sukari anayo, humeza metformini asubuhi na jioni. Ahsante Bi Nesi. Kliniki ni Jumatatu, mkebe wa habasoda nitaubeba daktari auone. Habari ya papa nani atamwambia?

Nesi Mstaafu
Usimwambie. Papa mloweke usiku kucha, umwage maji mara mbili kabla ya kumpika. Chumvi nyingi itatoka na nazi itaficha iliyobaki.