Wazazi wa watoto wenye kifafa, tupeane uzoefu: ulimpigania mtoto wako vipi?

Mama Achi, Kisumu
Habari zenu wamama, na wababa pia kama mpo. Mimi niko Nyalenda, nauza omena. Msichana wangu ako na miaka tisa, alishikwa na malaria ya kichwani akiwa na miaka miwili na nusu, akapona, baadaye akaanza kuanguka. Mambo ya chira, ile laana ya kuvunja mila, na maombi ya kukesha sitaki kurudia, hiyo stori mnaijua, tulizunguka huko mwaka mzima na mbuzi wawili wakaenda. Nataka tuongee mambo ya kalamu.

Kliniki nilikua naulizwa ameanguka mara ngapi tangu mwezi jana, mi najibu mara mingi. Daktari anaandika kitu, dawa ni ile ile, mgonjwa mwingine aingie. Siku moja sista mmoja wa umri akanifuata nje akaniambia, mama, mingi sio namba. Nikanunua kitabu ya kurasa 48 nikaanza. Naandika hivi: "Tarehe 11, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kitandani. Mkono wa kushoto kwanza, alafu mdomo ukavutwa. Dakika 3. Jana alichelewa kulala juu ya matanga. Dawa alimeza." Hizo dakika ndo ngumu jamani, unaangalia saa ya simu huku mtoto anatetemeka na unataka kupiga nduru.

Miezi mitatu nikaandika hivyo. Nikapata daktari mwingine, kijana tu, akasoma kile kitabu chote kama mtu anasoma gazeti, alafu akamwambia Achi apande mizani. Kilo 23. Dozi alikua anapewa ilikua ya kilo 14! Dawa za watoto zinapimwa na uzito na hakuna mtu alikua amempima kwa miaka, hata mimi sikua najua ni kitu ya kuuliza.

Sasa shule. Barua yangu ya kwanza kwa hedi ilikua kurasa nne, kilio tupu, na sidhani alifika ya pili. Ya pili nikaandika ukurasa mmoja: akianguka toa viti karibu, mlaze kwa ubavu, legeza kola, usimkabe, usiweke kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa, ikipita dakika tano akimbizwe hospitali, namba yangu hii hapa. Hiyo ilibandikwa kwa ofisi. Januari anaingia gredi ya nne, mwalimu mpya, kwa hivyo naandika tena. Nyinyi mliandikaje?

Nekesa_wa_Mumias
Pole dada na asante. Wangu haanguki, anazima tu. Uko naye mnaongea, macho yanasimama, sekunde kumi hivi, anarudi anaendelea kama hakuna kitu. Darasani akaitwa mzembe, akachapwa juu ya "kuota mchana", tena mara mingi, na kuchapa watoto shuleni kulikatazwa kwa sheria, iko kwa ile ya Elimu ya Msingi ya 2013. Hata mimi nilimzaba kofi siku moja juu ya uji kumwagika, Mungu anisamehe.

Mimi sikuandika, nilirekodi na simu. Daktari kuona ile vidio akampa kijana kipande ya karatasi akamwambia pulizapuliza kwa nguvu usiache, na hata dakika mbili hazijaisha macho yakasimama mbele yetu sote. Nikarudi shule na barua ya daktari. Mwalimu hakuomba msamaha hadi wa leo, lakini kiboko iliisha.

Baba Ken, Kaptembwo
Barua nilipeleka mbili zikapotea zote kwa ofisi moja. Ya tatu nilijipeleka mwenyewe, asubuhi wakiwa paredi, nikaomba dakika tano nikalala chini kwa mchanga nikawaonyesha vile mtu anageuzwa. Watoto walicheka lakini walishika. Stejini pia nimefunza mabodaboda wenzangu wote. Nyumbani jiko tulitoa chini, baada ya kijana kuangukia makaa, alama iko kwa mkono mpaka kesho. Wenye mnaishi karibu na ziwa msiwaache waende kuogelea peke yao.

Mama Mapacha Bungoma
Shida yetu huku ni "dawa imeisha, kanunue nje". Unafika na nauli ya kurudi tu. Kuna mama alikaa wiki mbili bila dawa, mtoto akashikwa mfululizo usiku kucha, kumbe hizi dawa kuacha ghafla ni hatari kushinda vile alikua kabla ya kuanza. Tulikua wamama kumi na moja hapo kwa benchi, tukaandika barua moja tukaweka sahihi, wenye hawajui kuandika wakaweka kidole gumba, tukapelekea MCA, mwakilishi wetu wa wadi. Dawa ilikuja. Ikaisha tena. Tukaandika tena. Ndo maisha.

Mama Achi hujasema anatumia gani. Kama ni sodium valproate, na huyo ni msichana, muulize daktari mapema kabla hajabaleghe, hiyo inaweza kuumiza mtoto tumboni akija kupata mimba. Lakini USIACHE mwenyewe, uliza.

kasichana_ka_Njoro
Shikamooni wamama, mimi sio mzazi, niko chuo huku Njoro na nina kifafa tangu darasa la tatu. Mnisamehe kwa hili. Mamangu alinipigania sana, bila yeye ningekua nyumbani naosha vyombo. Lakini barua yake mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya darasa, YOTE, mpaka mahali pa mkojo. Nilikua na miaka kumi na mbili. Jina nilipewa siku hiyo nilitembea nalo mpaka nikamaliza shule.

Ile siku ya 26 Machi watu huvaa zambarau juu ya kifafa, ilianzishwa 2008 na Cassidy Megan, msichana wa Kanada mwenye kifafa mwenyewe, na alikua na miaka tisa. Kama Achi. Swali langu ni moja tu, Achi mlimsomea hiyo barua?

Mama Achi, Kisumu
Nilisoma hii jana usiku nikafunga simu. Hapana, sikua nimemsomea.

Asubuhi nikamkalisha tukasoma pamoja. Alinyamaza mpaka mwisho, alafu akachukua penseli akakata mstari wa "hujikojolea", akakata mara mbili na akafinya mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwambia sasa mwalimu atajuaje akubadilishe nguo, akasema nitabeba sketi ingine kwa begi na Shantel anajua. Shantel ni wa dawati lake. Kumbe Shantel anajua kila kitu tangu gredi ya pili na mimi ndo sikuambiwa.

Alafu hapo chini ya namba yangu ya simu akaongeza yake, na hiyo herufi yake ya kulala upande: "Nikiamka wasiniangalie wote."

Nimenunua karatasi safi, hii anaandika yeye, mimi naweka sahihi.