Ngozi ya kutengenezwa kwa kidonda cha operesheni, kuna mwenye anaijua?

Nyar_Kondele: Habarini. Mzee wangu alifanyiwa operesheni ya mguu hapa Kisumu kidonda kikaoza, wakakisafisha mpaka kano zikaonekana, sasa daktari anasema aekewe ngozi ya kutengenezwa ati imetoka kwa ng'ombe na papa. Aki ni ukweli ama tunabebwa ufala?

sista_wa_wodi, Nakuru: Pole mum. Ni ukweli, inaonekana ni Integra hiyo. Ni kolajeni (ile protini hushikilia ngozi) ya ng'ombe imechanganywa na kitu ya gegedu ya papa, juu kuna karatasi ya silikoni. Si ngozi kamili, ni kama sponji tu, mishipa ya damu inaingia humo wiki mbili tatu hivi halafu silikoni inatolewa wanapandikiza ngozi nyembamba ya paja lake mwenyewe, kwa sababu ngozi ukiiweka moja kwa moja kwa kano tupu haishiki.

Omwami254: Ya binamu yangu iliingia usaha wakabandua yote, na si bei rahisi. Sukari ya mzee ikoje?

Nyar_Kondele: Sukari ndio ilileta hii yote 😩 kesho nawauliza