Tupeane uzoefu: Usingizi kwa tunaofanya kazi za mtandaoni tukiwa Kigoma au njiani

Mwana wa Kibirizi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba tupeane uzoefu, sisi tunaofanya kazi za mtandaoni tukiwa huku Kigoma au tukiwa safarini muda mrefu. Bando, malipo na kutafuta wateja tumeshavijadili sana. Usingizi tunaukumbuka pale tu mtu anapoanguka, na mimi nadhani ndio ungepaswa kupangwa wa kwanza.

Naanza mimi. Nasikiliza rekodi za mahojiano na kuziandika, wateja wangu wako New York. Saa tatu asubuhi kwao, huku ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi yao, na saa kumi jioni wakati wa kiangazi chao, kwa sababu wao husogeza saa kila Machi na Novemba na sisi hatusogezi. Wakifunga ofisi, huku ni saa saba usiku au saa sita. Kwa hiyo kabla hatujaongelea bei, namwambia mteja saa yangu ya mwisho ya kupatikana: saa nne usiku kwa saa za Tanzania. Wengi wanakubali, maana kazi yenyewe haihitaji niwe hewani nao. Inahitaji waikute asubuhi yao, na asubuhi yao mimi nimeshalala, nimeshaamka, na nimeshaimaliza.

Jambo la pili linahusu jua la Kigoma. Saa ya Tanzania imepimwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko karibu na nyuzi 30. Ndiyo maana jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa kama saa nzima, na nyuma ya jua la Dar kwa dakika arobaini hivi. Adhuhuri huku inaingia karibu na saa saba mchana. Jioni, saa moja inafika na watu bado wanaonana sura pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Mwili unafuata jua, haufuati ukuta. Nikiwa Dar naamka saa kumi na mbili vizuri tu. Nikiwa nyumbani naamka saa moja kasorobo, kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, na silazimishi. Mgeni anayekuja kufanyia kazi huku ajipe siku chache aone mwili wake unataka saa ngapi.

Karibuni. Elezeni mnavyoishi kweli.

Binti wa Mvuvi

Kaka, asante kwa mada. Mimi ni wa Katonga, nadizaini vipeperushi na nembo, wateja wengi wa Ulaya na mmoja wa Marekani. Usingizi wa mchana nimeufundishwa na baba.

Baba amevua dagaa maisha yake yote. Wanaingia ziwani jioni na taa, wanarudi alfajiri. Akifika anaoga, anakula ugali wa muhogo na mgebuka kama upo, halafu anaingia chumbani. Mama alishaziba dirisha la chumba kile kwa kitenge kizito kilichokunjwa mara mbili, na juu ya mlango anatundika kanga. Kanga ikiwa pale, hata aje nani, haitwi mtu. Hatukutwanga wala kufungua redio upande ule. Wageni waliambiwa "baba yuko kazini", na ilikuwa kweli, kwa sababu bila usingizi ule usiku hakuna atakayeona wavu.

Nilipoanza kazi za mtandaoni nikarudi kwenye kanga ile. Shida kubwa ya kufanya kazi usiku kwenye nyumba za kwetu ni heshima. Msichana anayelala mpaka saa nne anaonekana mvivu, au anaugua, au ana mimba. Shangazi anapita kusalimia, anataka umwamkie. Mtu hawezi kujifungia tu. Nikakaa na mama, nikamwonyesha malipo yaliyoingia na saa yalipoingia, nikamwambia siku za wiki ambazo namaliza usiku wa manane. Yeye ndiye aliyetundika kanga mlangoni pangu. Kwa hiyo wenye familia, anzeni na mwenye nyumba kabla ya kununua feni wala pazia. Akikuelewa yeye, mtaa mzima umeelewa.

Kingine nilichokichukua kwa baba ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, basi wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Siku zile anarudi kulala usiku kama watu wote. Mimi pia kila mwezi nina siku ambazo sipokei kazi ya haraka, na wateja wa kudumu wanazijua.

Halafu niwaambie nililoliona mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Baba alikuwa nyumbani, hana cha kumwamsha usiku, lakini mwanzoni alikuwa anakaa barazani mpaka karibu alfajiri, macho makavu. Ilichukua muda mwili wake kukubali kwamba usiku ni wa kulala. Mtu asikudanganye kwamba utafanya kazi usiku Jumatatu mpaka Ijumaa halafu Jumamosi ulale kama kawaida.

Reli ya Kati

Mimi niko njiani zaidi ya nyumbani: Kigoma, Tabora, Mwanza, narudi. Natafsiri nyaraka. Ninachoweza kusema ni kwamba kwenye treni sifanyi kazi. Kati ya Uvinza na Nguruka mtandao unakuja na kupotea, na ukianza kuukimbiza unajikuta uko macho usiku mzima kwa ukurasa mmoja. Nakata daraja la pili kulala, namwambia mteja nitakuwa kimya mpaka tarehe fulani, nazima simu. Soksi, shuka la kujifunika uso, kitambaa masikioni, kwa sababu kila stesheni kuna wauza chai na asali.

Nikifika Tabora sipokei kazi siku ile ile. Nakaa mji mmoja wiki kadhaa ndipo nahama. Wanaohama kila siku tatu huku wana kazi za watu, sijui wanalala lini.

Nesi wa Zamu

Ndugu zangu, mimi ni muuguzi, zamu za usiku nazijua, na jioni za mapumziko nafanya kazi ndogo ya kuhariri maandishi ya afya mtandaoni. Niongeze upande wa mwili.

Ndani ya mwili kuna saa inayozunguka takriban siku nzima, na karibu kila chembe hai (seli) inaifuata. Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kueleza inavyofanya kazi. Kinachoirekebisha kuliko kitu kingine chochote ni mwanga. Mwanga wa asubuhi unaivuta mbele, mwanga mkali wa usiku unairudisha nyuma na kuzuia melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia. Kwa hiyo mtu anayetaka kulala saa nne au tano usiku, dawa yake ya kwanza iko nje asubuhi: toka, tembea nusu saa bila kukodolea simu. Anayetaka kulala mchana afanye kinyume: akitoka kazini asubuhi avae miwani ya jua, aingie chumba cha giza moja kwa moja.

Kahawa. Najua kahawa ya Kalinzi ni tamu na vijiwe vya Ujiji vinaita jioni. Lakini kafeini, kwa watu wengi, hupungua nusu kwa kama saa tano. Vikombe vya saa kumi na moja jioni, nusu yake bado imo mwilini saa nne usiku. Acha kahawa baada ya saa nane mchana, kama unalala usiku.

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Kuna utafiti uliolinganisha watu waliokaa macho saa kumi na saba na watu waliokunywa pombe mpaka kiwango chake kwenye damu kikafika asilimia 0.05, wepesi wao wa kutenda ulikuwa sawa. Mtu aliyeko kwenye kompyuta tangu jana halafu anapanda pikipiki yake kwenda Mwandiga, ajue anaendesha akiwa katika hali gani.

La mwisho, na hili linanikera: vidonge vya mafua na aleji kama piriton si dawa za usingizi. Vinakupa uzito wa kichwa, na kesho yake unafanya kazi na ukungu. Ukikosa usingizi wiki kwa wiki, au unakoroma na kushtuka unatafuta pumzi, nenda ukaonwe na daktari.

Kijana wa Gungu

Dada nesi nakuheshimu, ila mimi nalala vipande viwili na niko vizuri. Saa tisa usiku mpaka saa mbili asubuhi, halafu saa nane mchana mpaka saa kumi. Jumla ni saba. Nina mteja wa mambo ya simu za huduma, lazima niwe hewani.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, kama saa ni zile zile kila siku, hata Jumapili, na unaamka bila kuburuzwa, una mpangilio kuliko wengi. Watu hulala vipande viwili tangu zamani. Wasiwasi wangu ni miaka. Kazi ya usiku mfululizo, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka mwaka 2007 kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likaipitia tena na kuiacha palepale. Sikutishi. Jiwekee mwisho wa mkataba huo, na pima presha na sukari mara kwa mara.

Mwalimu Mama Asha

Wanangu, nawasalimu. Nafundisha Kiswahili kwa wageni kwa njia ya video, na nimeamua jambo moja ambalo sijaliona hapa: nachagua wanafunzi kwa kuangalia saa zao.

Japani wako mbele yetu saa sita. Anayetoka kazini akataka somo la saa moja jioni, kwangu ni saa saba mchana, nimeshapika. Ujerumani wako nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi; somo lao la jioni linaisha kabla sijala chakula cha usiku. Wa Marekani wakiniandikia nawakubalia kwa Jumamosi asubuhi yao tu, ambayo kwangu ni jioni. Fedha ya Marekani ni nzuri, lakini vijana wangu, wateja wako pande zote za dunia, na nusu yao jua lao linakaa vizuri na letu. Anzeni kuwatafuta huko.

Mwana wa Kibirizi

Shikamoo Mama. Hili nimelichukua mzima mzima.

Manyovu Mpakani

Wa mipakani msisahau saa ya simu. Burundi na Kongo ng'ambo ya ziwa wako nyuma yetu saa moja. Huku kwetu simu inashika mnara wa upande wa pili, saa inajirudisha yenyewe, na kengele inakuamsha ukiwa umeshachelewa kwa saa nzima. Mimi ilinikuta siku ya mkutano na mteja. Ingia kwenye mipangilio, zima saa ya kujirekebisha yenyewe, chagua Dar es Salaam kwa mkono. Na weka saa ya ukutani ya betri chumbani, ili simu ilale sebuleni.

Mtembezi

Nilikaa Guangzhou miezi nikituma mizigo na kuhudumia wateja wa mtandaoni wa huku. Kule ni saa tano mbele. Kwenda mashariki kulinichosha kuliko kurudi, na wenzangu wote walisema hivyo hivyo. Mwili unasogea kama saa moja kwa siku, basi siku za kwanza sikuahidi kitu kizito. Kabla ya kuondoka nilikuwa nalala na kuamka mapema kidogo kidogo nikiwa bado Kigoma. Inasaidia.

Mgeni wa Kasulu

Wakuu, nahamia Kasulu mwezi ujao, nitapanga chumba. Nimepata mteja wa California, anataka saa nane za kazi kwa saa zake. Niafiki au niache? Na vipi umeme?

Mwana wa Kibirizi

Karibu Kasulu, ndugu. Piga hesabu kwanza. Saa tatu asubuhi ya California ni saa mbili usiku kwetu wakati wa baridi yao. Akimaliza siku yake ni saa kumi alfajiri. Hiyo ni zamu kamili ya usiku, kama ya nesi, bila gari la kukurudisha na bila siku ya kupumzika kama hukuiandika. Usimkatalie. Mwandikie kwamba utakuwa hewani kuanzia saa mbili mpaka saa sita usiku, na saa nne zilizobaki utazifanya asubuhi yako baada ya kulala, ili akiamka akute kazi imekamilika. Mwambie pia itakuwaje watakaposogeza saa mwezi Machi. Akishikilia nane zote hewani, basi soma alichoandika Binti wa Mvuvi, panga chumba ambacho dirisha lake haliangalii barabara wala mashine ya kusaga, na fanya mkataba wa miezi michache tu.

Umeme siku hizi ni wa gridi, si kama enzi za majenereta ya dizeli, lakini hukatika. Nunua betri ya kutosha kompyuta na ruta kwa jioni moja, na feni ndogo ya kuchaji. Chandarua utakifunga vizuri, feni ikizima chini ya chandarua joto litakuamsha. Chumba chenye dari ni bora kuliko cha bati tupu; mvua za Kasulu zikianza kupiga bati usiku, hulali wala husikii mteja anasema nini.

Binti wa Mvuvi

Na mwenye nyumba mwambie siku ile ile unayolipa kodi, kabla hajaanza kukugongea asubuhi.