Mgomo wa Hollywood 2023: mabosi walipata nini kuacha kazi isimame karibu miezi mitano?

Mhariri_Tabata anauliza:

Salaam wakuu. Mimi ni mhariri wa video hapa Dar. Kazi zangu ni harusi, kipaimara na matangazo ya maduka. Kila nikikaa na wenzangu wa fani, ule mgomo wa Marekani wa 2023 unarudi mezani, na kuna sehemu moja mpaka leo hainiingii akilini.

Waandishi wa chama cha WGA waliweka kalamu chini 2 Mei 2023. Waigizaji wa SAG-AFTRA wakawafuata 14 Julai. Upande wa wafanyakazi naelewa: kipato kilishuka tangu kazi zihamie mitandaoni, na akili mnemba ilikuwa inabisha hodi. Ninachouliza ni upande wa pili. Studio haina tamthilia mpya, vipindi vya usiku vinarusha marudio tu. Mwenye mali anaachaje mali yake ilale hivyo hadi mwisho wa Septemba? Jamaa yangu anasema matajiri lao moja, walitaka kuwakomesha. Mimi nikiwatazama Apple na Sony sioni lao moja. Mwenye kujua kwa undani aniweke sawa.

Kachumbari:

Lao moja mkuu, hapo hakuna undani wowote. Bahili akikutana na bahili mwenzake wanaandikisha chama. Nimeweka mkeka hapa, nasubiri wasomi.

Lori_la_Burbank:

Mhariri, jamaa yako kapatia nusu.

Mimi mtoto wa Tanga, ila riziki yangu ipo Los Angeles. Naendesha lori la vifaa: taa, stendi, jenereta, nyaya. Sisi madereva tupo chama cha Teamsters, na waandishi waligundua mapema kwamba hawana haja ya kuzingira studio nzima. Wanakuja watu wachache na mabango saa kumi alfajiri, kabla lori la kwanza halijaingia. Dereva akiyaona mabango anageuza. Taa hazijafika, basi siku hiyo hakuna kurekodi. Nimegeuza pale getini huku msimamizi kasimama ndani ya uzio, simu sikioni, ananitazama tu bila kunipungia hata mkono. Na mimi mshahara wa siku hiyo ndio umekwenda.

Sasa swali lako. Studio hazikai mezani moja moja. Kuna muungano unaitwa AMPTP, upo tangu 1982, ndio unaozungumza kwa niaba ya wote na wote wanafungwa na mkataba mmoja. Mwaka ule vigogo wake walikuwa Disney, Warner Bros. Discovery, NBCUniversal, Paramount na Sony, halafu wale waliokuja juzi: Netflix, Amazon na Apple. Kwa jina wote ni waajiri. Ukikagua mifuko, kila mmoja ana shida yake.

Netflix anaishi kwa ada za wateja za kila mwezi, na ghala lake limejaa kazi za nje ya Marekani. Aprili 2023, siku chache kabla ya mgomo, alitangaza kuweka dola bilioni 2.5 Korea Kusini kwa miaka minne. Mgomo ulipokolea aliwaambia wenye hisa kwamba fedha taslimu zitakazobaki mwaka huo zitafika angalau dola bilioni 5, wakati makadirio yaliyotangulia yalikuwa 3.5, na sababu mojawapo ni kwamba hatumii hela kurekodi. Mtu wa namna hiyo utamharakisha kwa lipi?

Warner ndio wa kumtazama vizuri. Waliungana na Discovery Aprili 2022 wakabeba deni la zaidi ya dola bilioni 50, na bosi wao David Zaslav kila robo mwaka alikuwa anaulizwa deni limefika wapi. Robo ya pili ya 2023 wakasema mgomo umewaokolea zaidi ya dola milioni 100 taslimu. Mabango yapo nje, hesabu ndani zinapendeza! Haikufika Oktoba. Septemba hiyo hiyo wakatangaza kwamba faida ya mwaka itapungua kwa dola milioni 300 hadi 500. Na mwisho wa Agosti walikuwa wameshaisogeza filamu yao kubwa ya pili ya Dune kutoka Novemba hadi Machi 2024, kwa kuwa waigizaji waliogoma hawaruhusiwi kuitangaza. Kwa hiyo huyu mwanzoni mwa Agosti hakuwa na taabu, Septemba anahangaika.

Disney, Paramount na NBCUniversal wana vituo vya televisheni: ABC, CBS, NBC. Msimu wao unaanza Septemba, na waandishi wanatakiwa wawe wamekaa chumbani wanaandika pamoja tangu Mei au Juni. Hao kila wiki ya kiangazi ilikuwa inawauma, maana matangazo ya biashara hayasubiri. Amazon na Apple ni habari nyingine kabisa. Tarehe 30 Juni 2023, mgomo ukiwa na miezi miwili, hisa za Apple zilifunga siku zikiwa na thamani ya zaidi ya dola trilioni 3. Filamu kwao ni maua ya sebuleni.

Kisha njoo kwenye jambo lililobishaniwa sana: siri ya watazamaji. Televisheni ya kawaida inapimwa na Nielsen, kampuni inayohesabu watazamaji, namba zinachapishwa, na kipindi kikirudiwa mwandishi analipwa tena. Kule mtandaoni mwandishi alikuwa analipwa kiwango kilekile, kazi itazamwe na watu elfu au na dunia nzima, na hesabu hazijui. Waandishi wakadai walipwe kwa kadiri ya utazamaji. Kwa NBC hilo ni jambo walilolizoea miaka yote. Kwa Netflix ni kumfungulia mtu kabati la hesabu. Kwa maoni yangu hapo ndipo miezi ilipolala, wala si kwenye asilimia za mshahara.

Tarehe 8 Septemba WGA wakawaandikia wanachama wao kwamba wapo wakubwa wa studio za zamani wanaosema faraghani wako tayari kumaliza, na kwamba hao ama waishike AMPTP wenyewe, ama wajitenge wasaini kivyao. AMPTP ikakanusha, ikasema sisi ni kitu kimoja. Hazikupita wiki mbili, mabosi wanne wakaja kukaa wenyewe mezani: Bob Iger wa Disney, Zaslav, Ted Sarandos wa Netflix na Donna Langley wa NBCUniversal. Siku chache tu, tarehe 24, makubaliano yakapatikana. Tazama nani hayupo kwenye orodha hiyo: Apple na Amazon.

Bibi_wa_Mahesabu:

Kaka Lori umeeleza vizuri, nimeokota mengi. Ila usitufanye tuwaonee huruma wale wa studio za zamani. Lipo jambo ambalo wote wanane hawakutofautiana: chumba cha waandishi kiwe kidogo. Alianza wa mtandaoni kuita watu wachache kwa wiki chache, wa televisheni naye akaona kumbe inawezekana. Ndiyo maana mkataba ukaja na idadi ya chini, waandishi 3 kwa tamthilia ya vipindi 6 au pungufu, 6 ikifika vipindi 13. Kama kweli Disney na NBC walikuwa na haraka, kwa nini jambo hilo nalo walilikatalia tangu Mei?

Na mgomo unafagia. Ule wa 2007 na 2008 ulipofika Januari, studio zilitumia kifungu cha dharura kilichomo kwenye mikataba zikawavunjia makumi ya waandishi mikataba mirefu ambayo vinginevyo wangeilipa hadi mwisho. Mhasibu yeyote angekwambia hilo ni punguzo la gharama lisilo na fidia. Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu, nikiona kampuni haina haraka huwa natafuta kwanza ni mzigo gani inautua.

Kachumbari:

Haya sasa, mkeka umenoga. Mmesahau ile miti ya Barham Boulevard, nje ya Universal? Julai hiyo, jua la Los Angeles, wagomaji wanazunguka na mabango, ghafla miti ya kivuli imekatwa matawi yote. Kampuni ikasema ni usafi wa kila mwaka kwa ajili ya upepo. Jiji likasema miti ni yake na kibali hakikutolewa. Faini dola 250! Kwa hela hiyo hata mimi nakata.

Mhariri_Tabata:

Nashukuru sana wakuu. Dada Mahesabu umeniongezea jambo. Bado moja: Sony hana jukwaa kubwa la mtandaoni kama la Netflix, hana siri ya kuficha. Kwa nini asingejitoa akasaini peke yake akarekodi wakati wenzake wamelala?

Lori_la_Burbank:

Dada Mahesabu, ya chumba nakukubalia, hapo walikuwa kitu kimoja kweli.

Mhariri, Sony anatengeneza halafu anauza, na wanunuzi wake ndio hao hao akina Netflix. Nani atamkasirisha mteja wake kwa ajili ya msimu mmoja? Wadogo ndio wanaoweza. Mwisho wa 2007 kampuni ya David Letterman, mtangazaji wa kipindi cha usiku, ilisaini kivyake na waandishi, na Januari 2 akarudi hewani na waandishi wake wakati mshindani wake Jay Leno karudi bila waandishi. Na 2023 A24, kampuni ya filamu ambayo haikuwamo AMPTP, ilipewa na SAG-AFTRA mkataba wa muda kwa baadhi ya filamu zake, waigizaji wakaingia kazini huku mageti makubwa yamefungwa. Mdogo ana nafasi ya kupita pembeni. Mkubwa akitoka, miaka mitatu baadaye mkataba ukiisha anarudi mezani hana mwenzake.

Mhariri_Tabata:

Nimekupata. Na nyinyi malori mmerudi kama zamani?

Lori_la_Burbank:

Waigizaji walimaliza 9 Novemba 2023, tukaambiwa Januari mtachoka kwa kazi. Hesabu za FilmLA, wanaotoa vibali vya kurekodi hapa, zinaonyesha siku za kurekodi za 2024 zilikuwa chache kuliko hata za 2023 yenye mgomo. Matumizi ya studio yalishuka wakati wa mgomo, wenye hisa wakayapenda, hakuna aliyeona sababu ya kuyapandisha tena. Kazi nyingine zimekwenda Uingereza na Kanada kufuata nafuu ya kodi. Mimi siku hizi wiki mbili nabeba taa, wiki mbili nabeba samani za watu wanaohama mji, na kati yao wapo niliokuwa nawapelekea vifaa.

Dada Mahesabu, kile kifungu cha dharura cha 2008 nakitaka kwa kirefu. Kuna jamaa hapa alivunjiwa mkataba kipindi hicho na hajawahi kuelezwa kwa nini.